Oedipus alipokuwa mkimbizi

Vijana wenzangu, wengi tukisikia jina la Oedipus tunakumbuka kitu kimoja: yule mtu wa Ugiriki ya kale aliyetabiriwa kumuua baba yake na kumwoa mama yake, akaukimbia utabiri, na bado ukamkuta. Ndo maana watu husema tamthilia za Wagiriki zinafundisha kwamba ikishaandikwa, imeandikwa. Mimi sikubali. Sababu yangu ni tamthilia nyingine ya Sophocles, ile ambayo Oedipus ni mkimbizi.

Sophocles aliiandika uzeeni, akafa kabla haijachezwa. Mjukuu wake ndiye aliyeionyesha Athens mwaka 401 KK. Oedipus sasa ni mzee kipofu, anaongozwa na binti yake Antigone, na amefika Colonus, karibu na Athens. Wazee wa pale wanamwahidi kwamba hakuna atakayemwondoa. Halafu wanamuuliza ni nani. Wakisikia tu jina, ahadi imekufa: toka, usituletee mkosi! (Swali la "wewe ni nani, umetoka wapi" tunalijua uzito wake.)

Anajitetea kwamba mambo yale yalimpata kuliko alivyoyatenda. Alipigana na mtu njiani bila kujua ni baba yake. Mtu akija kukuua, kwani utaanza kumuuliza kama ni mzazi wako?

Haya hayakuwa maneno ya jukwaani tu. Sheria ya Draco, ya karne ya 7 KK, ilishatenganisha kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia, na Athens iliichonga upya kwenye jiwe mwaka 409 KK. Lakini hata aliyeua bila kukusudia alilazimika kuhama nchi, mpaka ndugu wa marehemu wamsamehe. Kutokusudia hakukufuta kila kitu.

Theseus, mfalme wa Athens, anamtambua, anasema yeye pia alikulia ugenini, kisha anamuuliza anaomba nini. Hamlazimishi kusimulia upya mabaya yake. Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, sehemu hiyo isomeni mara mbili.

Sasa ndo tufike kwa wanawe. Mzee asiyetaka kulaumiwa kwa kisichokuwa kosa lake, kwao hana huruma hata kidogo. Alipofukuzwa Thebes, wangeweza kumsaidia kwa neno moja, wakanyamaza. Hapo hataji majaliwa. Sisi tuliokimbia vita tumezoea kuambiwa "ni mipango ya Mungu". Kuna ya Mungu, sawa, na kuna ya watu wenye majina.

Mwanawe Polynices anakuja kuomba baraka. Amekusanya jeshi, anataka kumnyang'anya mdogo wake kiti cha Thebes. Baba anamlaani: mtauana nyinyi wawili. Antigone anamsihi kaka yake alirudishe jeshi haraka. Anakataa. Ni aibu kukimbia, na mdogo wake atamcheka. Laana ameisikia kwa masikio yake, njia ya kurudi iko wazi, dada amemshikilia, na bado anaenda.

Tena anasema askari wake hatawaambia habari hiyo mbaya, kiongozi mzuri hutoa habari njema tu. Wakamfuata hivyohivyo.