Gari Moja, Watu Watano



Tulipokuwa tumekaa kwenye matanga ya shemeji yangu, kijana mmoja aliuliza kwa nini marehemu alikuwa akiitwa Dereva, ilhali kazi yake ya miaka yote hapa Marekani ilikuwa kuwahudumia wazee. Watu wazima tulicheka, kisha tukanyamaza, maana jibu tulilijua lakini halikuwa fupi. Wahariri wa kitabu chetu cha mwaka wameniomba niliandike. Nami nimeona ni haki niliandike pamoja na habari za mji wenyewe na barabara zake, kwa sababu yaliyotupata hayakuanza na sisi.

Richfield ni mji mdogo uliobanwa na barabara kuu. Kaskazini iko ya 62, kusini iko ya 494, mashariki iko Cedar Avenue na uwanja wa ndege ng'ambo yake, na ile ya 35W imeupasua mji kama kisu. Zamani yalikuwa mashamba ya mboga. Baada ya Vita Kuu ya Pili askari waliorudi walijengewa nyumba hapa, safu kwa safu, kila nyumba na banda lake la gari. Reli za tramu za Minneapolis ziling'olewa, na tramu ya mwisho ilitembea mwaka 1954. Kwa hiyo mtu aliyehamia hapa alihesabiwa kuwa ana gari, au atanunua gari, au ataomba lifti.

Lakini serikali ya Marekani ilikwisha kuwaomba watu wake wasiendeshe peke yao hata kabla nyumba hizo hazijajengwa. Wajapani walipoiteka Malaya mwaka 1942, Marekani ilikosa mpira wa kutengenezea matairi. Petroli ikagawiwa kwa kadi nchi nzima tangu Desemba mwaka ule, si kwa kuwa petroli ilikuwa haba kila mahali, bali ili matairi yasiishe. Mwaka 1943 ilitolewa picha ya ukutani inayomwonyesha bwana mmoja aliyevaa kofia akiendesha peke yake, na pembeni yake amekaa Hitler kama kivuli. Maana yake ilieleweka bila mwalimu. Vita vilipokwisha picha ikabanduliwa, na kila mtu akarudi garini mwake peke yake.

Mara ya pili ilikuwa mwaka 1973, nchi za Kiarabu zilipoizuilia Marekani mafuta mwezi wa Oktoba. Wengi hawajui kwamba dawa ilikwisha kuanza kuchemshwa hapa hapa kwetu. Mwezi wa Aprili wa mwaka huo huo, kampuni ya 3M, yenye makao yake Maplewood upande wa Saint Paul, ilitoa magari sita makubwa kuwachukua wafanyakazi wake kutoka mitaani kwao. Mfanyakazi mmoja aliendesha, wenzake wakalipa kwa mwezi. Mpango huo ulisifiwa sana ukaigwa na makampuni mengine nchini.

Sisi tuliokulia Tanga tuliyajua mambo hayo kwa njia nyingine. Mafuta yalipokuwa adimu, Tanzania haikumbembeleza mtu. Magari ya binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana, na aliyekuwa ameenda kumsalimu bibi yake shamba ilimpasa arudi kabla ya saa hiyo au alale huko huko. Sisemi ipi ni bora. Nasema tu kwamba katazo lilimgusa mwenye gari, na wenye magari walikuwa wachache. Hapa wenye magari ni karibu watu wote, ndiyo maana serikali zao husema kwa sauti ya chini.

Sauti hiyo ya chini ilifika Richfield katika miaka ya 1980. Maofisi yalikuwa yamejaa kando ya 494, asubuhi barabara haipitiki, na miji iliyo kando yake, Bloomington, Edina, Eden Prairie, Minnetonka na Richfield, ikaunda tume moja. Kazi yake ilikuwa kuwaendea waajiri na kuwashawishi wafanyakazi wao. Mtu alijaza fomu, akaeleza anakaa wapi na anaingia kazini saa ngapi, akatafutiwa jirani mwenye njia moja naye. Waliokubali kuchangia gari wakapewa sehemu nzuri za kuegesha na zawadi ndogo ndogo. Mpango mzuri, wala siudharau. Ila ulitengenezwa kwa mtu anayeingia saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni.

Sasa nije kwetu. Majira ya baridi ya mwaka 1997 tulikuwa watu wazima watano katika nyumba mbili za kupanga karibu na Penn Avenue, na gari moja, Toyota Corolla ya shemeji, yenye kutu mpaka mlangoni. Wawili walisafisha ndege usiku. Shemeji na wifi yangu waliwahudumia wazee katika nyumba mbili tofauti. Mimi nilikuwa jikoni kwenye hoteli. Shemeji aliamka saa tisa na nusu usiku, akawachukua wa uwanja wa ndege, akanishusha mimi, akampeleka wifi, ndipo akaenda kwake. Kila mtu alitoa dola tano kwa wiki, naye akaziandika katika daftari. Sheria zilikuwa mbili tu. Gari halimsubiri mtu zaidi ya dakika tatu, na ugomvi wa nyumbani haupandi garini. Hakuna aliyetujazisha fomu, wala hatukujua kwamba jambo tulilolifanya kwa umaskini lina ofisi yake na wataalamu wake.

Januari, usiku wa baridi ya nyuzi zaidi ya 20 chini ya sifuri, betri ikafa. Tulimwamsha jirani Mmarekani, mzee mwema, akatoka na waya zake na nguo za kulalia chini ya koti. Gari likawaka baada ya saa nzima. Wawili wa uwanja wa ndege walirudi kwa miguu yao mpaka kwenye basi, wakakesha. Mimi nilikaripiwa. Wifi alifika amechelewa mara ya tatu mwezi ule, akaambiwa avue beji. Alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Hapo ndipo ugomvi ulipopanda garini. Mmoja alisema mwenye gari ndiye mwenye dhamana. Mwingine akasema dola tano kwa wiki hazinunui betri, na kila mtu alijua kwamba betri ilikuwa kuukuu. Nami nakiri kwamba nilisema neno ambalo nililijutia baadaye. Shemeji hakujibu. Lakini haukupita mwaka, watatu kati yetu tulikuwa tumenunua magari ya mkopo, kwa riba ambayo hata leo naona haya kuitaja.

Siku hizi shirika la mabasi la Metro Transit lina mpango wa kumhakikishia mtu safari ya kurudi. Ukiwa unakwenda kazini kwa basi, kwa baiskeli au kwa gari la pamoja mara kwa mara, na mtoto akaugua ghafla, utalipiwa nauli ya kurudi nyumbani. Nilipoelezwa nilifurahi, kisha nikamfikiria wifi. Yeye hakukosa safari ya kurudi. Alikosa ya kwenda.

Mwaka 2003 kampuni ya Best Buy ilihamishia makao yake makuu Richfield, pale Penn na 494, mahali palipokuwa nyumba za watu na duka la kuuza magari. Mwenye duka alipinga hadi Mahakama Kuu ya jimbo, ambayo mwaka 2002 majaji wake waligawanyika sawa kwa sawa, ukabaki ushindi wa mji. Ofisini humo ulianza utaratibu wa kumruhusu mtu afanye kazi saa atakazo na mahali atakapo, mradi kazi iishe. Ulisifiwa hata kwa kupunguza magari barabarani, mpaka mwaka 2013 uongozi mpya ulipoufuta. Shemeji alipozisoma habari hizo gazetini alisema, "Mzee haogeshwi kwa simu." Mwaka 2020 wa maradhi tuliyakumbuka maneno hayo, maana wenye maofisi walibaki majumbani, na sisi tukaenda kama kawaida, safari hii barabara ni nyeupe.

Kuanzia mwaka 2009 ile ya 35W ilitengewa njia ya kulipia, sehemu kwa sehemu. Saa za msongamano gari lenye watu wawili au zaidi hupita bure, aliye peke yake hulipa, na bei hupanda magari yakizidi. Zamani iliitwa MnPASS, na tangu 2021 ni E-ZPass. Desemba 2021 likaanza basi la Orange Line, lenye kituo 66th Street kwenye barabara hiyo hiyo, na mwaka uliofuata D Line ikapita Portland Avenue. Binti yangu hupanda hilo la 66th kwenda mjini, na gari lake hulala bandani.

Wifi alipata kazi nyingine miezi sita baada ya kujifungua. Tulipokuwa tukipanga vitu vya marehemu alinipa daftari la Corolla. Kuanzia Februari hadi Julai 1998 jina lake limo kila wiki, na mbele yake imeandikwa dola tano, imelipwa, kwa mwandiko wa shemeji, ingawa miezi hiyo hakupanda gari wala hakutoa senti. Chini ya ukurasa wa mwisho imeandikwa bei ya betri mpya, dola 54. Daftari liko kwangu. Atakayetaka kuliona na aje.