Mama aliyelalamika gari inarukaruka, na historia ya hizi forwili tunazonunua

Wadau, leo tunaingia gereji. Mjini sasa hivi kila gari iliyoinuka kidogo inaitwa forwili. RAV4 forwili, Harrier forwili, Forester forwili, Land Cruiser forwili. Dalali akitamka hilo neno tu, bei imepanda. Kumbe humo ndani kuna mifumo isiyofanana kabisa, na mtu anaweza kumaliza mkopo wake wa saccos kwa kununua asichokijua.

Shida yote inaanzia kwenye kona. Gari ikikata kona, tairi za mbele zinapita njia ndefu kuliko za nyuma, kwa hiyo zinatakiwa zizunguke haraka zaidi. Ukifunga mbele na nyuma pamoja kwa shafti moja, zinavutana. Kwenye tope au mchanga tairi inateleza kidogo na mambo yanaisha. Kwenye lami kavu haina pa kutelezea, na mzigo wote unabaki kwenye gia.

Sasa twende Japani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kampuni ya umeme ya Tohoku ilikuwa na mafundi wanaopanda milimani kwenye theluji kukagua nyaya, kwa vijipu vyenye baridi kali ndani. Wakataka gari ya kawaida, yenye joto, ila isikwame. Watu wa Subaru kule Miyagi wakachukua gari yao inayovuta mbele, wakaichomekea difu ya nyuma ya Nissan Bluebird. Ndiyo, ya mshindani wao! Mwaka 1972 ikatoka Leone stesheni wageni ya 4WD. Lakini hiyo ilikuwa na wenzo: unaivuta ukiingia kwenye theluji, unairudisha ukifika lami. Land Cruiser nyingi za kazi na pikapu zinafanya hivyo hivyo mpaka leo.

Wajerumani ndio walitaka ivute muda wote. Majira ya baridi ya 1977 Audi walikuwa Finland wakijaribu magari, wakabeba na Iltis, kijipu cha jeshi cha Volkswagen chenye nguvu farasi 75 tu. Kijipu kile kikawa kinawasumbua Audi zenye nguvu zaidi kwenye theluji. Mhandisi mmoja akapata wazo, wakatengeneza gari ya majaribio, ila mbele na nyuma zimefungwa pamoja, hakuna difu katikati. Inasimuliwa kwamba bosi mmoja wa juu aliipeleka nyumbani Vienna, mkewe akaenda nayo mjini. Aliporudi akalalamika: ukiwa unapaki, gari inarukaruka. Mama hakuwa fundi, lakini alikuwa ameshika ugonjwa wenyewe. Ikabidi iwekwe difu ya kati. Na ili wasiongeze gia boksi nyingine nzito, wakatoboa shafti ya ndani ya gia boksi, wakapitisha shafti nyingine katikati yake. Mimi naona hapo ndipo akili ilipo. Quattro ikaonyeshwa Geneva mwaka 1980.

Kwenye rali ikawa balaa. Mwaka 1982 Audi wakachukua ubingwa wa watengenezaji, na dada mmoja Mfaransa akashinda rali tatu na kumaliza wa pili duniani kwa gari hiyo. Wanaosema wanawake hawajui magari mko wapi?

Ila Safari Rally ya Kenya ilikataa kutii. 1984, 1985 na 1986 mshindi alikuwa Toyota Celica, gari inayosukuma nyuma tu. Safari ni ndefu, vumbi na mashimo vinaua gari, na gari yenye vitu vichache ina vichache vya kuvunjika. Quattro ilisubiri mpaka 1987, tena kwa Audi 200, ile sedani kubwa.

Difu ya kati nayo ina udhaifu wake: nguvu inakimbilia tairi yenye wepesi. Tairi moja ikielea hewani, inazunguka yenyewe na wewe umekaa. Ndiyo maana Prado ina kitufe cha kuifunga. Wengine wakatumia kopo lenye sahani nyingi ndani ya mafuta mazito ya silikoni: upande mmoja ukizunguka haraka kuliko mwingine, mafuta yanapata moto na sahani zinashikana. RAV4 na Subaru nyingi za zamani zimepita hapo. Zilizofuata zikaweka klachi inayoendeshwa na kompyuta. Gari inavuta mbele, nyuma inaamka ikiitwa. RAV4 za haibridi zenye 4WD ndiyo kabisa, hakuna propela shafti, nyuma kuna mota ya umeme peke yake.

Sasa sikia, hapa ndipo pesa inapotea. Ukifunga tairi mbili mpya mbele na nyuma ukaacha zilizolika, lile kopo linadhani unateleza kila sekunde. Linachemka mpaka linagoma. Kwa hiyo kabla hujalipa, angalia tairi zote nne zinafanana saizi na ulikaji. Kisha tafuta lami kavu, kata usukani mpaka mwisho, zungusha gari taratibu. Ikianza kuvuta na kurukaruka kama ile ya Vienna, mrudishie dalali funguo zake.

Wenye Forester na X-Trail, semeni hapo chini mmeshabadilisha nini na fundi aliwaambia nini.