Andalio la somo la historia

Andalio la somo la historia ni mpango wa maandishi ambao mwalimu huutayarisha kabla ya kuingia darasani. Nchini Tanzania hutokana na azimio la kazi, nalo hufuata muhtasari wa Taasisi ya Elimu Tanzania. Kipindi cha sekondari ni dakika 40, na kunakili ubaoni huweza kula sehemu kubwa yake.

Andalio zuri huanza na swali ambalo jibu lake halimo daftarini. Kwa shule za Mkata na kwingineko wilayani Handeni, mfano uko jirani. Katika karne ya 19, hasa wakati wa njaa, Wazigua wengi walichukuliwa utumwani hadi kusini mwa Somalia. Waliotoroka walianzisha vijiji kando ya mto Juba, na wazao wao waliendelea kusema Kizigua. Vita vya Somalia vya miaka ya 1990 vilileta baadhi yao Handeni kama wakimbizi. Mwaka 2003 walipewa makazi Chogo, na baadaye wengi walipata uraia wa Tanzania.

Hapo mada ya biashara ya watumwa hukutana na ile ya uraia: je, walikuwa wageni, au walirudi kwao? Darasa hugawanywa pande mbili, kila upande utaje ushahidi wake. Pale somo linapofundishwa kwa Kiingereza, ni afadhali wanafunzi wabishane kwanza kwa Kiswahili, ndipo waandike hoja kwa lugha ya mtihani. Masimulizi ya wazee wa Kizigua nayo ni chanzo, ila hulinganishwa na kitabu kama chanzo kingine chochote. Katika tathmini, kila mwanafunzi huandika ushahidi uliombadilisha msimamo, au sababu ya kutobadilika.