SEHEMU YA 4: Kabla ya umoja wa wenye nyumba, huku kwetu kulikuwa na Sungusungu

Baada ya ile sehemu ya maji, wengi mliniandikia swali linalofanana: mtaani kwetu wenye nyumba wanataka kuanzisha umoja, kila kaya ichange hela ya walinzi, taa na kuzoa taka, je, tuchange au tusichange? Mimi ni nesi, sio mwanasheria. Ila kabla hujatoa elfu yako jua kwamba jambo hili si geni. Ukanda wetu huu huu wa Kahama ndio ulioifundisha nchi nzima ulinzi wa mtaa, na haukufundisha mazuri peke yake.

Turudi nyuma kidogo. Wazee wetu Wasukuma na Wanyamwezi hawakukaa kwa kubanana. Kila mji ulikuwa peke yake, umezungushiwa minyaa, na kati ya mji na mji kuna mashamba. (Wenye watoto wadogo, minyaa bado ipo mingi. Ule utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaunguza vibaya. Osha kwa maji safi mengi hapo hapo, kisha mkimbize mtoto kituoni, usimpake chochote.) Ukivamiwa usiku silaha yako ya kwanza ni sauti. Ule ukelele unaitwa mwano. Anayeusikia anaamka na anayeamka anakimbilia ulikotokea. Asiyekwenda kesho yake anaulizwa alikuwa wapi.

Miaka ya 1960 TANU ikaleta mabalozi wa nyumba kumi. Mwaka 1974 ikaja operesheni ya vijiji, watu wakahamishwa kutoka kwenye miji yao wakapangwa kwenye mistari. Bibi yako akiwa hai muulize, atakuambia. Watu ambao hawakuwahi kuwa majirani wakawa majirani ndani ya wiki chache. Ng'ombe wakabaki kuwa ndio benki ya kila familia, na benki yenyewe inalala nje.

Halafu vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Vilipoisha, bunduki zilizagaa mikononi mwa watu. Wizi wa ng'ombe ukageuka ujambazi, na polisi walikuwa wachache, wako mbali, gari lenyewe halina mafuta. Hapo ndipo, mwaka 1982 hivi, vijiji vya mpakani kati ya Kahama na Nzega vikaanza kujipanga vyenyewe. Jina mnalijua: sungusungu ni wale wadudu weusi wanaotembea kwa mstari, na ukimkanyaga mmoja wanakuuma wote. Wenyewe kwa kilugha walijiita Basalama, watu wa usalama. Kiongozi wao waliita ntemi, cheo cha watawala wa jadi kilichokuwa kimefutwa baada ya Uhuru. Silaha zilikuwa upinde na mishale, na filimbi ya kuitana. Hakukuwa na mshahara, kila kaya ilitoa mtu.

Ilifanya kazi. Ndani ya muda mfupi ikaenea Shinyanga, Tabora na Mwanza, maana mwizi akikimbilia kijiji cha pili anakuta filimbi imeshatangulia. Mwalimu Nyerere na chama hawakuipiga vita, waliiunga mkono. Mwaka 1989 Bunge likarekebisha sheria za mgambo, sungusungu wakapata nguvu ya kisheria ya kukamata. Augustine Mrema alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, kuanzia 1990, akaihimiza hadi mitaa ya Dar es Salaam. Hata Wakuria wa upande wa Kenya walikuja kuwa na sungusungu wao. Kwa hiyo ukisikia "ulinzi shirikishi" au "polisi jamii" wa miaka ya 2000, babu yake ni huyu wa kwetu.

Na haikuwa wizi tu. Serikali ilipoanza HASHI mwaka 1986, kurudisha miti Shinyanga iliyokuwa imebaki kama jangwa, wazee walifufua ngitili, yaani eneo linalofungwa ili nyasi na miti vipumzike. Aliyeingiza ng'ombe humo alitozwa faini, na waliomkamata mara nyingi walikuwa hao hao sungusungu. Kazi hiyo ilipata tuzo ya Umoja wa Mataifa mwaka 2002. Sehemu nyingi za Shinyanga zilizo za kijani leo zililindwa na majirani.

Sasa upande wa pili, ambao watu wa vikao hawapendi kuusema.

Adhabu kali ya Sungusungu haikuwa kipigo, ilikuwa kutengwa. Hausalimiwi, huuziwi dukani, ukifiwa hakuna anayekuja kuchimba kaburi. Fikiria mama aliyetengwa kwa kosa la mume, uchungu ukamshika saa nane za usiku. Nani atamsindikiza?

Lipo pia suala la bibi zetu. Usukumani wanawake wazee wengi wameuawa kwa kuitwa wachawi, na baadhi ya vikundi vya Sungusungu vilijiingiza kwenye kutafuta wachawi kama vile vilivyotafuta wezi. Alama iliyotajwa sana ni macho mekundu. Jamani, macho mekundu ya bibi aliyepikia kuni, mabua na samadi miaka 50 ni moshi! Nimeyaona macho hayo maelfu. Wengine ni trakoma, na ina dawa. Mlinzi aliyeogopwa na mwizi aliogopwa pia na bibi asiye na mtoto wa kiume wa kumtetea.

Na msidhani serikali peke yake ingefanya vizuri zaidi. Kabla ya Sungusungu, mwaka 1976, vyombo vya dola viliendesha operesheni dhidi ya mauaji hapa Shinyanga na Mwanza. Watuhumiwa wakateswa, wengine wakafia mahabusu. Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu mwaka 1977 kubeba dhamana, ingawa hakuwa amemgusa mtu. Ndiye aliyekuja kuwa Rais mwaka 1985. Mimi namheshimu kwa hilo kuliko kwa mambo mengine yote aliyoyafanya.

Tuje Bulyanhulu yetu. Wachimbaji wadogo waliondolewa eneo la machimbo 1996, mgodi mkubwa ukazinduliwa 2001, na watu wakaja kutoka kila kona: Mara, Kigoma, Arusha, Mbeya. Kijiji cha 1982 kilijuana. Leo Kakola nyumba moja ina wapangaji sita na hawajui majina ya baba zao. Ukipiga mwano hapa, wengine watadhani ni ulevi. Ndo maana hela imechukua nafasi ya zamu, na mlinzi ni kijana wa kulipwa. Silaumu. Nikitoka shifti ya usiku na kukuta taa inawaka kwenye kona, nashukuru.

Ila huo umoja unaitwa wa "wenye nyumba", na wengi wenu mnaosoma hapa ni wapangaji. Mnachangishwa, hamuitwi kikaoni. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inasema hivi: mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, uitishwe kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe hapo. Haisemi mwenye hati wala mwenye kiwanja. Nendeni, hata na mtoto mgongoni, mkaulize mambo matatu: hela ya ulinzi inasomwa wapi, mlinzi akimpiga mtu asiye na hatia anashtakiwa kwa nani, na mama akiumwa usiku amuite nani amfikishe kituoni.

Sehemu ya 5 nitaandika habari ya taka na madimbwi ya mtaani, maana malaria nayo haiulizi kama umepanga au umejenga.