Mnada wa mavuno

Mnada wa mavuno ni uuzaji wa hadhara wa sadaka za mazao, unaofanywa katika parishi nyingi za Kianglikana Afrika Mashariki baada ya ibada ya sikukuu ya mavuno. Sikukuu hiyo, kwa sura yake ya sasa, huhusishwa na kasisi Robert Stephen Hawker, aliyeiadhimisha Morwenstow, Cornwall, Uingereza, mwaka 1843. Waumini huleta mbele ya madhabahu mahindi, mikungu ya ndizi, mayai na kuku waliofungwa miguu. Asiye na shamba hutoa bahasha. Mnadi, aghalabu mzee wa kanisa mwenye utani, hupandisha bei uwanjani. Mnunuzi huweza kukirudisha alichonunua kinadiwe upya, hivyo jogoo mmoja huuzwa hata mara tatu kabla ya kupata mwenyewe. Mapato huingia mfuko wa parishi.