Nyaya Nne Badala ya Mbili: Historia ya Kupima Ukinzani Mdogo

Mwaka 1857 William Thomson, profesa wa Chuo Kikuu cha Glasgow aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alipima nyaya za shaba zilizokuwa zikiuzwa sokoni. Wakati huo maandalizi ya kulaza kebo ya telegrafu chini ya Bahari ya Atlantiki yalikuwa yamepamba moto. Kwa macho nyaya zilifanana, lakini uwezo wake wa kupitisha umeme ulipishana vibaya. Ikadhihirika kwamba haitoshi kununua shaba kwa mizani na rula. Lazima ukinzani wake upimwe.

Kifaa kilichokuwapo ni daraja la Wheatstone, lililobuniwa na Samuel Hunter Christie mwaka 1833, kisha Charles Wheatstone akalipa umaarufu miaka 10 baadaye. Kwa ukinzani mkubwa lilifaa sana. Tatizo lilikuja kwenye vipande vifupi na vinene: nyaya za kuunganishia na skrubu zake zilikuwa na ukinzani unaolingana na wa kipande chenyewe, au hata kuuzidi. Mpimaji alidhani anapima shaba, kumbe anapima viungio.

Mwanzoni mwa miaka ya 1860 Thomson akapata dawa: mkondo upite njia yake, na kipimo njia yake. Mkondo mkubwa uliingilia ncha moja ya kipande na kutokea nyingine, na volti ikachukuliwa katika sehemu mbili za ndani kwa nyaya nyingine. Kwa kuwa nyaya hizo za pili hupitisha mkondo mdogo mno, kiungio chake hata kikiwa hafifu hakiharibu hesabu.

Miaka ya 1880 umeme wa taa na mota ulipoenea, ilibidi kupima mamia ya ampea. Mita nyeti isingestahimili mzigo huo, hivyo mkondo ukapitishwa kwenye shanti, yaani kipande cha metali chenye ukinzani mdogo unaojulikana, na mita ikasoma volti yake tu. Lakini shaba ikipata joto, ukinzani wake hupanda kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Edward Weston, Mwingereza aliyehamia Marekani, akatumia aloi ya shaba, manganizi na nikeli ambayo karibu haitikiswi na joto. Ndiyo manganini ya leo. Taasisi ya vipimo ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1887, ikaitumia kutengeneza vikinzani rejea vyenye vichwa vinne.

Hata hivyo aloi nzuri haikutosha. Mkondo unaoingia kwa boliti moja hausambai papo hapo. Kama watu wanaoingia ukumbini kwa mlango mmoja, hujazana kwanza pale pale. Karibu na boliti volti hupishana toka sehemu hadi sehemu, na kusogeza skrubu ya kipimo milimita chache kwaweza kubadili usomaji. Ndiyo maana shanti kubwa ina vitalu vinene pande mbili, vya kuutandaza mkondo, na bamba za manganini katikati. Skrubu ndogo za kipimo huwa upande wa ndani wa boliti kubwa.

Tuchukue shanti ya ampea 100 na milivolti 75. Ukinzani wake ni omu 0.00075 tu. Fundi akifunga waya wa mita kwenye boliti kubwa, na kiungio cha hapo kikawa na omu 0.0001, zitaongezeka milivolti 10. Mita itaonyesha ampea 113 wakati zinazopita ni 100.

Kwa hiyo wewe unayefunga shanti kwenye betri za sola, kaza kebo nene kwenye boliti na nyaya nyembamba kwenye skrubu zake, kila moja mahali pake. Hakikisha hilo kabla ya kuilaumu mita.