Onyo Nalo Lina Kipimo

Dawa hutolewa kwa kipimo. Ikipungua haiponyi, na ikizidi hudhuru. Historia ya karne ya 20 inaonyesha kwamba hata onyo linalotolewa juu ya dawa lina kipimo chake, na kwamba wenye kushika kipimo hicho si madaktari peke yao, bali pia waandishi wa magazeti na watangazaji.

Mwezi Oktoba 1957 dawa ya usingizi iitwayo thalidomaidi ilianza kuuzwa katika Ujerumani Magharibi. Ilinunuliwa bila cheti cha daktari, na ilisifiwa kuwa haina madhara. Waja wazito wengi waliitumia. Baadaye watoto wakaanza kuzaliwa wakiwa na mikono na miguu mifupi mno, na wengine bila viungo hivyo kabisa. Mnamo Novemba 1961 daktari wa watoto wa mji wa Hamburg, Widukind Lenz, aliionya kampuni iliyotengeneza dawa hiyo. Kampuni ilisita. Tarehe 26 ya mwezi huo gazeti la Welt am Sonntag lilichapisha habari hizo, na siku iliyofuata kampuni ikatangaza kuiondoa dawa madukani. Watoto zaidi ya 10,000 walikuwa wamekwisha kuathirika duniani. Hapo kosa lilikuwa kimya, na sauti ya gazeti ndiyo iliyookoa waliokuwa bado kuzaliwa.

Uingereza, ambako dawa hiyo iliuzwa pia, ilijifunza. Mwaka 1963 iliunda kamati ya kuchunguza usalama wa dawa, na mwaka 1968 ikapitisha Sheria ya Dawa. Tangu wakati huo ilikubalika kwamba hatari ikijulikana, wananchi waambiwe upesi.

Lakini upesi peke yake hautoshi. Mwezi Oktoba 1995 Kamati ya Usalama wa Dawa ya Uingereza ilitoa onyo juu ya vidonge vya kupanga uzazi vyenye gestodeni au desogestreli. Wanawake wapatao 1,500,000 walikuwa wakivitumia. Onyo lilisema kwamba vidonge hivyo huongeza mara mbili hatari ya damu kuganda katika mishipa, vikilinganishwa na vidonge vya zamani. Onyo hilo hilo liliwasihi wanawake wasiache vidonge ghafla, bali wawaone madaktari wao kwanza.

Magazeti na televisheni yalilishika neno moja tu: mara mbili. Habari zilivuma kabla ya barua za Kamati kuwafikia madaktari wengi. Wanawake waliopiga simu kuuliza walimkuta daktari naye akiwa ameyasikia mambo hayo katika taarifa ya habari, kama wao. Wengi wakaacha vidonge siku ile ile.

Mara mbili ya nini? Hilo halikuelezwa vya kutosha. Kwa hesabu za wakati huo, katika kila wanawake 100,000 wanaotumia vidonge vya zamani kwa mwaka, wapatao 15 hupatwa na maradhi hayo. Kwa vidonge vipya idadi ilikuwa kama 30. Lakini katika kila mimba 100,000, wanaopatwa nayo ni kama 60. Kwa hiyo mwanamke aliyeacha vidonge kwa hofu, kisha akashika mimba, aliikimbia hatari ndogo akaingia katika kubwa zaidi.

Matokeo yalionekana mwaka uliofuata. Katika England na Wales idadi ya mimba zilizotolewa, ambayo ilikuwa imepungua tangu mwaka 1990, ilipanda kwa karibu asilimia 9 mwaka 1996. Nyuma ya tarakimu hiyo wapo maelfu ya wanawake waliotii walichodhani kuwa ni shauri la wataalamu. Mwaka 1999 serikali ililegeza masharti juu ya vidonge hivyo, ingawa hatari ile ndogo ya ziada haikukanushwa.

Wapo watakaosema kwamba heri habari za namna hiyo zifichwe. Hilo ndilo kosa la thalidomaidi, na gharama yake inajulikana. Fundisho la mwaka 1995 ni jingine. Hatari itajwe kwa idadi ya watu, si kwa neno mara mbili pekee. Ilinganishwe na hatari ya kuiacha dawa. Mganga wa zahanati apate habari kabla ya mgonjwa kubisha hodi mlangoni pake. Na shauri la nini kifanyike litangulie katika taarifa, lisiachwe mwisho ambapo wengi wamekwisha kufunga redio.

Katika vijiji vingi vya Afrika ya Mashariki sauti ya redio hufika kabla ya daktari. Mama aisikiaye jioni, huku kidonge kimo mkononi, huamua papo hapo. Maneno machache anayoyasikia yanaweza kumwokoa, au kumponza.